Namba 14 haitoshi: historia ya ndoana ndogo na mikono isiyoandikwa



Wengi katika kikundi yetu wananijua kama "yule wa historia". Wengi pia waliona picha niliyoweka hapa mwaka ule nilipofika Nairobi: nimevaa shati nyeupe, nyuma yangu kuko jengo kubwa la vioo. Mliandika "hongera", "Mungu ni mwema", "usitusahau huko". Leo nataka kusema ukweli. Lile jengo sikuwahi kuliingia. Nilikuwa napita mbele yake tu nikienda kupanda matatu, na matatu ile ilikuwa inanipeleka pembeni ya muji, kwenye nyumba moja ndefu ya mabati, fasi tulikuwa tunafunga nzi.

Ndiyo, nzi. Si nzi wa kweli. Ni wadudu bandia wa kuvulia samaki, wanatengenezwa kwa mkono juu ya ndoana ndogo, kwa uzi, manyoya ya jogoo na nywele za mkia wa ndama. Kenya wana kazi hiyo tangu zamani, na nzi wao wanauzwa Ulaya na Marekani, kwa watu wanaovua trauti kwenye mito ya maji baridi. Huenda mzungu anaweka nzi hiyo kwenye kofia yake bila kujua kwamba imefungwa na mama mmoja wa Kenya. Au na mulisanse mmoja wa Bukavu.

Sikuwaambia, juu nilikuwa na haya. Nilisoma miaka mitano, niliandika memwari, nilisimama mbele ya jury. Sasa nikae kwenye kiti cha mbao, nafungafunga manyoya? Ila ni pale, kwenye meza ile, nilipopata somo la historia ambalo auditoire haikunipa. Ninaliandika hapa kwa ajili ya wale wadogo wetu wanaomaliza mwaka huu.

1. KOSA LANGU

Nilikuwa na miezi miwili tu kazini. Tulikuwa tunalipwa kwa dazeni. Msimamizi akanipa komandi ya dazeni 30 za nzi wanaoitwa "parashuti", namba 14. Nikaenda kwenye kabati, nikaona boksi ya ndoana imeandikwa 14, nikachukua. Sikumuuliza mtu. Nilisha kuacha kuuliza, kwa sababu kila nikiuliza nilikuwa najisikia mdogo. Mimi, mwenye licence, niulize namna ya kuchagua ndoana?

Nilifanya kazi siku sita. Nzi 360. Nilikuwa najivuna kwa kweli: mlingoti mweupe umesimama vizuri, unyoya umezunguka sawasawa.

Siku ya kukabidhi, mama mmoja mzee aliyekuwa anakagua, tulikuwa tunamwita Shosho kama bote pale, akachukua nzi yangu moja, akaipima kwa vidole.

— Kijana, hii umefunga na ndoano gani?

— Namba kumi na nne, Shosho.

— Namba sijakuuliza. Nimekuuliza ndoano gani.

Nikanyamaza. Akaomba glasi ya maji. Akadondosha nzi yake moja, kisha yangu. Zote mbili zikakaa juu. Nikapumua. Halafu akagonga glasi kwa ukucha wake, pole tu, sawa wimbi dogo la mtoni. Yake ikatikisika, ikabaki. Yangu ikainamisha mkia, ikazama paka chini.

Nilichukua ndoana za nzi wa maji, yaani wale wanaotakiwa kuzama. Namba ilikuwa ile ile, umbo karibu lile lile. Lakini waya wake ni mnene. Zote 360 zilikatwa kwa wembe: ndoana zikarudi kwenye boksi yake, manyoya yakaenda kwenye takataka, na malipo ya siku sita yakaenda pamoja nayo.

Ile jioni sikula. Lakini nilikuwa bado mtu wa historia, na swali likaanza kunisumbua: nani aliamua kwamba waya uwe mwembamba? Namba hizi zinatoka wapi? Na kwa nini nzi iitwe parashuti? Nikaanza kusoma, usiku kwa usiku, kwenye telefone. Hiki ndicho nilichokuta.

2. TUANZIE KWETU, SEMLIKI

Ukisoma vitabu vingi vya uvuvi wa nzi, historia inaanzia Uingereza. Bon. Tuanze mbele kidogo.

Kando ya mto Semliki, si mbali na Ishango, kuko fasi inaitwa Katanda. Pale Alison Brooks na John Yellen walichimbua ncha za mfupa zilizochongwa meno pembeni. Ni vyusa vya kupiga samaki, na pamoja navyo walikuta mifupa ya kambare wakubwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995: umri karibu miaka 90,000. Wako wataalamu waliobisha tarehe hiyo, na ubishi ni sehemu ya kazi yetu. Lakini hata anayebisha hakatai kitu kimoja: watu wa Semliki walijua tangu zamani sana kwamba ncha peke yake haitoshi. Samaki anateleza, anageuka, anatoka. Inatakiwa kijino cha kumzuia. Kwa Kiswahili kijino hicho kinaitwa chembe.

Pale Ishango penyewe Mbelgiji Jean de Heinzelin alikuwa amechimba toka mwaka 1950, akakuta vyusa vingine pamoja na ule mfupa wenye mistari ambao wote tuliusikia shuleni. Mfupa wenyewe uko Bruxelles mpaka leo.

Chusa si ndoana, sawa. Chusa unakitupa wewe. Ndoana unaiacha, samaki anakuja mwenyewe. Kati ya ndoana za zamani zaidi zinazojulikana ni zile zilizochongwa kwa gamba la konokono wa baharini, zilizopatikana kwenye pango la Sakitari, Okinawa, Japani, zenye miaka karibu 23,000. Lakini chembe, lile wazo la kumkataza samaki kurudi nyuma, lina ndugu yake mkubwa hapa kwetu Kivu. Ukikaa mezani kufunga nzi ya mzungu, usijione mgeni kabisa.

3. SINDANO INAYOPINDWA

Nzi wa manyoya nao ni wazee. Karibu mwaka 200 baada ya Kristo, mwandishi Mroma Aelianus aliandika kuhusu watu wa Makedonia waliokuwa wanafunga sufu nyekundu kwenye ndoana na kuongeza manyoya mawili ya shingo ya jogoo. Tazameni vizuri: manyoya ya shingo ya jogoo. Miaka 1,800 imepita na mezani kwetu Nairobi kulikuwa kitu kile kile.

Mwaka 1496 kikachapwa Uingereza kitabu kinachofundisha kuvua kwa ndoana. Desturi inasema kiliandikwa na mtawa Juliana Berners, ingawa wanahistoria wengi wanatilia shaka. Kinachonipendeza ni kwamba kitabu hakisemi "nenda dukani ununue ndoana". Duka hakuna. Kinasema: chukua sindano. Kwa samaki wadogo, sindano ndogo kabisa. Iweke motoni mpaka iwe nyekundu, iache ipoe ili ilainike. Inua chembe kwa kisu, noa ncha. Irudishe motoni, sivyo itavunjika ukiipinda. Ipinde. Kisha ipashe moto tena na kuitumbukiza ndani ya maji, ili iwe ngumu.

Soma tena hatua zile. Chuma laini kinapindika, chuma kigumu kinashika. Ukikosea moto, ndoana yako itavunjika au itafunguka. Huyo mvuvi wa zamani alikuwa anachagua ndoana yake toka kwenye moto. Sisi tunachagua kwenye boksi, na ndiyo sababu tunadhani namba inatosha.

Kwa kuwa ndoana ni mtoto wa sindano, si ajabu kwamba muji wa sindano ukawa muji wa ndoana. Ni Redditch, katikati ya Uingereza. Maji ya mto Arrow yalizungusha vinu vya kusafisha sindano, na katika karne ya 19 sehemu kubwa sana ya sindano za dunia ilitoka muji huo na vijiji vya jirani. Ndoana zikafuata njia ile ile.

Lakini kuko jambo ambalo boksi haliandiki. Wale waliokuwa wananoa ncha za sindano kwenye jiwe kavu walikuwa wanavuta vumbi ya jiwe na ya chuma. Mapafu yao yaliharibika, wengi walikufa vijana. Kazi hiyo ililipwa vizuri kuliko nyingine, kwa sababu kila mtu alijua bei yake ya kweli. Ukiwaza juu ya vijana wetu wanaochimba kobalti na koltani bila kitu cha kufunika pua, hutashangaa sana.

4. TUNDU, WAYA NA MASHINE

Sasa tusogelee nzi yetu.

Zamani ndoana ya nzi haikuwa na tundu. Shina lake lilikuwa kipofu. Fundi alikuwa anafunga uzi wa nywele za farasi, au wa utumbo wa mdudu wa hariri, moja kwa moja juu ya shina, kisha anafunga manyoya juu yake. Uzi ukioza pale kwenye maungo, nzi nzima imekwisha. Tena ni shida kuikausha na kubadilisha.

Mwaka 1879 Henry Sinclair Hall, akisaidiana na rafiki yake George Bankart, akafanikisha ndoana ndogo yenye tundu na waya mwembamba. Hall alikuwa nani? Mwalimu wa hesabu. Ni yule yule aliyeandika na mwenzake vitabu vya aljebra vilivyowatesa wanafunzi wa makoloni mengi ya Waingereza. Alikuwa anavua siku za mapumziko, na alitaka nzi ielee.

Hapo njo "nzi mkavu" anapata miguu. Nzi mkavu ni ile inayokaa juu ya maji bila kuzama. Mwaka 1886 Frederic Halford akatoa kitabu chake kuhusu nzi wanaoelea na namna ya kuwafunga, na kikawa sawa sheria kwa wavuvi wa kusini ya Uingereza. Bila ndoana nyepesi, kitabu kile kingekuwa maneno matupu. Kwenye historia tunapenda kuanza na wazo, halafu chombo kinafuata. Mara nyingi ni kinyume: chombo kinafika, kisha wazo linapata fasi ya kusimama.

Wakati huo huo, Norvege, kulikuwa kampuni ya Mustad, iliyoanzishwa mwaka 1832 ikitengeneza misumari na vitu vingine vya chuma. Mwaka 1877 fundi wao, Mathias Topp, akatengeneza mashine ya kupinda ndoana. Kazi ambayo zamani ilipita mikono mingi ikafanywa na chuma chenyewe. Ndoana zikashuka bei, zikasambaa dunia nzima. Mimi nilikua naona jina hilo kwenye kiboksi cha bati cha babu yangu, kule Idjwi. Jina la Mustad. Jina la Topp sikuwahi kuliona, paka nilipolitafuta.

5. PARASHUTI INAFUNGUKA

Nzi mkavu wa kawaida unyoya wake unazungushwa kwenye shina, unasimama wima sawa kola ya shati. Nzi inasimama juu ya ncha za unyoya, mwili unakaa hewani kidogo. Inapendeza. Lakini mdudu wa kweli anayetoka majini hakai vile: mwili wake umelala kabisa juu ya ngozi ya maji, na samaki anauona toka chini.

Mnaijua ngozi ya maji. Nani hajaona wale wadudu wenye miguu mirefu wanaotembea juu ya ziwa asubuhi, kukiwa hakuna upepo? Hata sindano ukiilaza polepole juu ya maji ya glasi, inaelea. Ukiitia kwa ncha, inazama. Chuma ni kile kile, tofauti ni namna kinavyokutana na ngozi ile.

Katika miaka ya 1930 wazo jipya likatokea karibu wakati mmoja katika fasi mbili. Glasgow, Scotland, duka la Alexander Martin likaanza kuuza nzi ambao unyoya wao haukusimama bali umelala, umezungushwa kwenye kijiti kilichosimama juu ya ndoana. Ukiitupa, inashuka taratibu, unyoya umetandazwa, inatua wima. Wakaiita parashuti. Marekani, William Avery Brush, mtu wa Detroit, akapata hataza ya wazo hilo mwaka 1934.

Na sasa ninyi mnaosoma sheria na biashara, sikilizeni. Zile nzi za mwanzo zilihitaji ndoana ya pekee: kiwandani walikuwa wanaongeza kijiti cha chuma kinachosimama juu ya shina, ili unyoya upate fasi ya kuzunguka. Hiyo ndiyo ndoana ya kwanza "sahihi" ya parashuti. Leo mafundi karibu wote hawaihitaji tena. Kwa nini? Kwa sababu walivumbua kwamba mlingoti si lazima uwe chuma. Unasimamisha nywele nyeupe za mkia wa ndama, unazungusha uzi chini yake mara kadhaa mpaka zikaze, na zenyewe zinakuwa mlingoti na bawa kwa pamoja. Ni nyepesi kuliko chuma, na mvuvi anaziona toka mbali. Hataza ililinda kitu kimoja. Mikono mezani ikapata njia nyingine.

Kuko jina la tatu. Kule Glasgow, wengi wanasema aliyekuwa anafunga nzi hizo, na huenda ndiye aliyezivumbua, alikuwa mwanamke aliyeajiriwa dukani, Helen Todd. Brush ana karatasi ya serikali yenye tarehe. Martin alikuwa na duka lenye jina lake mlangoni. Todd ana "wengi wanasema" na "huenda". Niliposoma hivyo, nikamwaza Shosho na glasi yake.

Miaka hamsini nyuma, katika miaka ya 1980, Mholanzi Hans van Klinken akafunga parashuti juu ya ndoana iliyopinda, ili kifua cha nzi kikae juu na mkia uning'inie chini ya maji, sawa mdudu ambaye bado anavua gamba lake. Inaitwa Klinkhåmer. Kampuni ya Partridge, yenye asili yake Redditch, ikatoa ndoana ya pekee kwa ajili yake. Mnaona duara? Ndoana ya pekee, kisha ndoana ya kawaida, kisha tena ndoana ya pekee, lakini kwa sababu nyingine.

6. BASI, NDOANA GANI?

Nilirudi kwa Shosho, mara hii na daftari. Nikamwambia: "Shosho, naomba unifundishe." Akacheka. Akasema alikuwa anangojea tu. Haya ndiyo aliyoniambia, nikiyapanga kwa namna yangu.

Waya kwanza. Kwa parashuti, shina lenyewe limelala kwenye ngozi ya maji na kiwiko cha ndoana kiko chini yake. Unyoya hauinui mwili hewani, unausaidia tu usizame. Kwa hiyo kila kipande cha uzito kinahesabika. Chukua waya mwembamba, wa nzi mkavu. Kwenye boksi unaweza kuona 1X pamoja na neno la wembamba: maana yake waya ni wa ndoana iliyo ndogo kwa saizi moja. Lakini usizidishe: waya mwembamba sana utanyooka samaki mkubwa akivuta. Hakuna ndoana isiyo na hatari. Unachagua hatari gani unaweza kuibeba.

Pili, urefu wa shina. Mlingoti unachukua fasi yake karibu theluthi ya shina kutoka tunduni, na nyuma yake mwili unahitaji nafasi. Shina fupi sana linabana yote pale mbele, uzi unaziba tundu. Urefu wa kawaida, au mrefu kidogo, unafaa. Ndoana iliyoandikwa 2X kwa urefu ina shina la ndoana kubwa kwa saizi mbili.

Tatu, mwanya, yaani nafasi kati ya ncha na shina. Huo njo mdomo wa ndoana. Ukijaza mwili mnene mpaka ukakaribia ncha, samaki ataigusa na kuitema. Na unyoya unapimwa kwa mwanya: kwa kawaida urefu wake ni mara moja na nusu ya mwanya. Kwa parashuti unaweza kuongeza kidogo, kwa kuwa umelala na unahitaji kushika maji mengi.

Nne, tundu. Linaweza kutazama chini, juu, au kunyooka. Kwa nzi ndogo sana, tundu lililonyooka au linalotazama juu linaacha mwanya wazi. Kwa namba 14 linalotazama chini halina shida. Angalia tu kama limefungwa vizuri, sivyo litakata uzi wa mvuvi.

Tano, chembe. Wavuvi wengi leo wanarudisha samaki majini, kwa hiyo wanataka ndoana isiyo na chembe, au ambayo chembe yake imebanwa kwa koleo. Hapa nilitabasamu. Watu wa Semliki walihangaika kuchonga kijino ili samaki asiende. Leo mtu analipa pesa ili kijino kisiwepo, samaki aende. Njaa inapoisha, chombo kinabadilika.

Na namba? Namba ni ya mwisho. Inakuambia ukubwa tu, tena kinyumenyume: 18 ni ndogo kuliko 14, na 14 ni ndogo kuliko 12. Na kila kiwanda kina 14 yake. Weka mbili za viwanda viwili pembeni, utaona hazilingani. Shosho alikuwa hasomi boksi. Alikuwa anashika ndoana kwa vidole viwili, anaisukuma kidogo kwa kidole gumba aone kama inapinda na kurudi, anaitia mdudu wa akili yake, kisha anasema ndiyo au hapana.

7. KWA NINI NINAWAANDIKIA HAYA

Wadogo zangu, najua mnavyosubiri. CV ziko kwenye maofisi, NGO hazijibu, mjomba anauliza kila Siku ya Mungu "bado tu?" Katika hali hiyo diploma inakuwa sawa namba kwenye boksi. Tunaionyesha: mimi ni L2, mimi ni mulisanse, mimi ni namba fulani. Halafu tunashangaa mtu akituuliza "namba sijakuuliza".

Sisemi masomo ni bure. Bila masomo nisingejua kutafuta Topp na Todd, nisingejua kutofautisha "ilithibitishwa" na "wengi wanasema". Kosa langu halikuwa kusoma. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kuuliza kunapunguza cheo. Dazeni 30 zilinifundisha bei ya hilo.

Na kwa wale wa historia: mukitafuta suje ya TFC, acheni kidogo kuandika mara ya mia moja juu ya mkutano wa Berlin. Nendeni kwa bafundi ba mitumbwi ku Idjwi. Ulizeni bamama wanaokausha sambaza: tunajua samaki hao waliletwa ku Ziwa Kivu mwaka 1959 kutoka Tanganyika, tunajua mipango ya wakoloni, lakini nani aliandika jina la mama wa kwanza aliyejua waanikwe siku ngapi, kwenye mchanga au kwenye chandarua? Kazi hiyo haingojei pesa za mradi. Inangojea daftari na mtu asiyeona haya kuuliza.

Mwisho, jambo moja la nyumbani. Baba yangu alikuwa bado anaamini ile picha ya vioo. Mwaka jana nilipomaliza kusoma haya yote, nilimpigia simu, nikamwambia ukweli: Papa, mimi nafunga nzi za kuvulia samaki. Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani rezo imekatika. Kisha akasema:

— Utume moja niione.

Nilituma kwa dereva wa basi. Parashuti, namba 14, waya mwembamba. Nyuma ya wiki mbili akanipigia. Alikuwa ameiweka kwenye glasi ya maji, bila mtu yeyote kumwambia, akaita jirani waje kuona inavyosimama. Yeye mwenyewe alikua akimsaidia babu kuvua kwa ndoana.

— Iko bien, akasema. Babu yako angekuomba kumi. Huko kwa wazungu banauzishaka moja ngapi?

Nikamtajia bei.

— Na weye, banakulipaka ngapi?

Nikamtajia hiyo pia. Hakusema kitu. Mimi pia sikuongeza. Hilo ni somo lingine, na wanaosoma ekonomia humu ndani ninawangojea mliandike.

Tuko pamoja.